Aliyevusha Kilio cha Mama Mkwe Wake

Upepo ulipobeba paa la shule yetu, nilikuwa ndiyo kwanza nimejua kuandika jina langu na la baba yangu. Ilikuwa mchana, mwalimu ameshika chaki, sisi tunasoma kwa sauti ba-be-bi-bo, upepo ukaingia chini ya mabati ukayanyanyua kama mwanamke anavyofunua sufuria kuangalia kama wali umekauka. Yakaondoka. Mwalimu akatoka mbio kuyafuata kwenye mihogo ya watu, na sisi nyuma yake tunapiga kelele. Sijaona tena siku ya shule tamu kama ile. Bati moja likaanguka kwa jirani yetu, mzee mkaidi, akakataa kulirudisha. Akamwambia mwalimu, "Kama Mungu alitaka likae shuleni, mbona amelileta kwangu?" Akalifanya mlango wa jiko. Shule ikangojea paa. Siku nilipoona mabati mapya yanapandishwa pale, nilikuwa nimeshaota ndevu, na baiskeli ya baba ilikuwa imeshanifundisha njia zote.

Baiskeli ile, mimi nasema, ilikuwa mwalimu kuliko mwalimu. Nilipakia chumvi na sabuni hapa Kasongo, nikaenda Wamaza, nikaenda Kabambare, nikarudi na karanga na mawese. Watu wanafikiri mwenye baiskeli anapanda baiskeli. Uongo. Njia zetu unaisukuma, na kwenye tope unaibeba begani kama mgonjwa. Kule Kabambare nilikuwa na rafiki mmoja fundi wa minyororo, mtu wa kucheka sana, lakini habari zake nikizianza sitamaliza. Yeye ndiye aliyeniambia: "Ndugu, huku wauza chumvi mumekuwa wengi kuliko mboga. Enda kusini, ng'ambo ya Luama, kule watu wanatwanga majani ya mihogo, wanakula sombe bila chumvi." Nikaenda. Nikafika pale Luama inapoingia Lualaba, na hapo nikakuta mtu ninayetaka kusema habari zake.

Luama ikifika mdomoni haina haraka tena. Inapanuka, inakuwa na rangi mbili, yake na ya Lualaba, na zile rangi zinatembea pamoja kama watu wawili waliogombana wanaofuata njia moja. Michanga inazaliwa pale kila kiangazi, na mvua zikija inakufa. Upande huu ni wa Kasongo. Upande ule sisi tunasema ng'ambo, na wao wakiwa kwao wanasema ng'ambo ni sisi.

Watu wote walimwita Muvushaji. Jina la kwao sikuliuliza, naye hakulitoa. Alikuwa mrefu, mikono mirefu kuliko haki, shati amelifunga vifungo mpaka shingoni hata jua likiwa kali. Alikuwa mwenye baki, kile kivuko cha chuma cha kuvushia watu na malori. Si kwamba ilikuwa mali yake, ilikuwa ya serikali, lakini serikali ilikuwa mbali na yeye alikuwa pale.

Alikuwa na tabia moja iliyowashangaza wageni. Ukimkuta ukingoni ukamsalimia, alikuwa hajibu. Unasema jambo, unasema habari, yeye anaangalia kamba zake. Mgeni anakasirika, anasema huyu mtu ana kiburi. Halafu baki inaondoka, maji yanakuwa huku na huku, na pale katikati anageuka, uso umefunguka, anasema, "Sasa karibuni. Habari ya kwenu? Watoto wazima? Wewe wa chumvi, velo yako iko bado inalia?" Velo ni baiskeli yangu. Na anakuuliza mpaka habari ya shangazi yako. Baki ikigusa ukingo wa pili, ananyamaza tena. Nilimuuliza sababu. Akasema, "Kwenye inchi kavu kila mutu ana kwake. Mimi kwangu ni hapa. Nitakukaribishaje kwa nyumba ya wengine?"

Na hapo kwake alikuwa na sheria. Ugomvi ulikuwa haupandi baki. Siku moja walipanda ndugu wawili, baba mmoja mama mmoja, wanagombania shamba la mpunga. Wakaanza kutukanana tukiwa bado hatujafika katikati.

"Wewe ni mutoto wa nyuma, nyamaza!"

"Wa nyuma ndiye aliyemuzika baba, wewe ulikuwa Kindu unakunywa!"

Muvushaji akazima motere. Hivi tu. Akaenda kukaa juu ya kamba, akatoa karanga mfukoni, akaanza kumenya. Maji yakaanza kutuburuta taratibu kuelekea Lualaba. Mama mmoja mwenye kuku akapiga kelele, "Baba, tunaenda wapi?" Akajibu, "Mama, uliza hao wenye shamba." Watu wote wakawageukia wale ndugu, na kuku nao walikuwa wanalia, na sikuwahi kuona watu wanapatana upesi namna ile. Wakashikana mikono, mdogo akamwita mwenzake yaya, kaka mkubwa. Muvushaji akawasha motere, akasema, "Mumeona? Neno lilikuwa fupi." Siku ile nilicheka. Baadaye, nilipojua mambo yake, kile kicheko kiliniingia vibaya.

Alikuwa hali samaki. Mtu anaishi juu ya mto, wavuvi wanampa samaki bure, anawapa abiria. "Sili mwenzangu wa kazi," alisema. Alikula wali na sombe, akipata, na mara nyingi baridi, kwa sababu aliyempikia alikuwa juu ya mteremko, mbali na maji. Nitafika huko.

Jambo alilolipenda kulisema ni habari ya vyombo vya pale. Ukimkatiza katikati alirudi mwanzo, basi tulijifunza kunyamaza. Zamani, alisema, kulikuwa mitumbwi tu, ya Wagenya, watu waliozaliwa na kasia mkononi, nao walivusha pembe, chumvi, watumwa, wafalme, yote kwa mtumbwi mmoja. Halafu wakaja wazungu na pamba, na lori la pamba haliingii mtumbwini, basi Wagenya wakafunga mitumbwi pamoja, wakaweka mbao juu, lori likapanda na dereva akashuka kuogelea kwa sababu hakuamini. Halafu ikaja baki ya chuma, inavutwa kwa waya, wanaume wanavuta na kuimba. Waya ukakatika, ikaletwa motere. "Na baada ya motere?" Mtu akimuuliza hivyo, alisema, "Baada ya motere ni mimi."

Mzee Mgenya aliyemfundisha kazi alimwachia sheria ya kuita. Ukiwa ng'ambo unataka kuvuka, unasimama pale kwenye mchanga unaita: "Baki-eee!" Naye anakuja, mvua jua. Lakini usipoita haji, hata usimame mpaka uote mizizi. Watu walilalamika. Yeye alisema, "Mutu anayesimama kimya mbele ya maji yuko anawaza. Labda amegombana na watu wa kwake. Labda anataka kurudi nyuma. Mimi nikienda kumuchukua, nimemukatia mawazo." Nilikubali ni neno la busara. Hata leo nasema ni la busara. Lakini busara nayo ni kama kisu.

Sasa mke wake. Alikuwa wa ng'ambo, wa kijiji kimoja ndani, ukiondoka mdomoni asubuhi unafika jua likiwa kichwani. Mwanamke mweusi, mfupi, mwenye ulimi. Walijenga upande huu, nyumba juu ya mteremko, na yeye alishuka kila siku na sahani imefunikwa, akiita kutoka mbali, "Wewe mume wa chuma, kula!" Watu walicheka, naye Muvushaji alicheka.

Na mama yake yule mwanamke alikuwa anavuka kila siku ya soko. Kwa desturi yao mkwe hamuangalii mama mkwe usoni, wala hali mbele yake. Basi mama akipanda, Muvushaji aliweka kigoda chake mwenyewe nyuma ya usukani, mama anakaa, na yeye anampa mgongo, anaendesha. Wakazungumza hivyo, yule anaangalia maji ya mbele, huyu anaangalia shati lake.

"Mukwe, mvua za mwaka huu ni kali."

"Ndiyo mama. Mto umekula michanga yote."

"Na binti yangu, bado ana kelele?"

"Anazo mama. Alizitoa wapi, mimi sijui."

Mama mkwe anacheka nyuma ya mgongo, na mabega ya Muvushaji yanatikisika. Nimesafiri na watu wengi, na sijaona wawili wanaopendana bila kuangaliana kama wale.

Kabla sijaenda mbele niseme kuhusu ile siku baki ilipokimbia. Muvushaji alipanda nyumbani kula, mara moja tu, mke alikuwa na homa hakuweza kuteremka. Mto ukajaa ghafla, kamba ikakatika, baki ikaondoka peke yake ikaingia Lualaba. Wavuvi waliikuta imekwama kwenye mchanga mbali chini, njia ya Nyangwe. Kuirudisha ilikuwa kazi ya wanaume wengi. Wakubwa walikuja kutoka mjini wakamsema mbele ya watu, mbele ya mke wake, wakamwita mlinzi wa usingizi.  Tangu siku ile Muvushaji alikuwa haiachi baki. Alilala juu ya chuma, chini ya turubai. Ng'ambo alikuwa akifika, anateremsha watu, na mguu wake hauendi mbele ya ule mti wa kufungia kamba.

Basi mama mkwe akafa.

Alikufa mwanzo wa kiangazi, na alikuwa mtu wa watu. Ndugu zake wa upande wa Kasongo wakashuka, wamama wa kanisa na nyimbo zao, wajomba, watu wa soko, magunia ya mchele, mbuzi, ngoma. Muvushaji akavusha wote. Asubuhi mpaka jua linazama, na kesho yake tena. Wengine walikwenda wanalia, wengine walikuwa wanarudi wameshiba, na yeye anawapeleka na kuwarudisha. Hakuchukua kitu kwa mtu. Shati lake lilikuwa limelowa, na si kwa maji ya mto.

Mimi nilikuwa juu ya baki na chumvi yangu. Tukafika ng'ambo, na mke wake alikuwa pale, amefunga kitambaa cha kilio kichwani, hana viatu. Watu wakashuka. Yeye akasogea mpaka maji yakamfika miguuni.

"Sasa shuka."

Muvushaji akasema, "Kuko bado watu kule."

"Wakwe wote wamekaa. Wenye kuoa wadogo zangu wamekaa. Ni wewe tu mahali pako iko wazi. Baba anauliza."

"Baba aone watu nimepeleka. Nani amepeleka watu kushinda mimi? Kilio chote mimi ndio nimekivusha."

"Hujakaa."

"Nikikaa, baki itabaki na nani? Ngoja hawa wamalize. Kuko bado watu ng'ambo."

Mwanamke akamwangalia. Alisema polepole, na ulimi wake wote ule uliokuwa unatuchekesha sikuusikia tena. "Watu watakuwa ng'ambo siku zote."

Toka upande wetu mtu akaita: "Baki-eee!" Na Muvushaji akaigeuza baki.

Kwa wale watu, mkwe asiyekaa kilio cha mama mkwe amemtupa mama mkwe, na aliyemtupa mama amemtupa na mtoto. Wakamzuia binti yao. Si kwa ubaya. Dawa yake inajulikana: mume aje kwa miguu yake, na mbuzi, akae chini kwenye uwanja, alie kile kilio ambacho hakulia, hata kama ni mwaka wa pili. Kisha anakula na wakwe na mke wake anarudi naye. Kila mtu alimwambia. Mimi nilimwambia. Padri alipovuka alimwambia. Yeye alijibu, "Nitaenda. Motere ikitengenezwa nitaenda." Motere ikatengenezwa. "Mvua zikipita." Mvua zikapita. "Mutu wa kushika baki akipatikana." Tukampatia mtu, Mgenya, mtoto wa Wagenya. Muvushaji akamwangalia anavyoshika usukani, akasema, "Huyu ana haraka."

Mimi sidhani ilikuwa baki tena. Nadhani alikuwa anaogopa ule uwanja. Kukaa chini mbele ya watu uliowavusha, na wewe ndiye uliyechelewa. Lakini ni mawazo yangu.

Nilifika katika kile kijiji na chumvi. Mzee wa pale, mjomba wa mke, akaniambia, "Mukwe wetu? Sisi tunamujua mugongo tu. Marehemu alimujua mugongo, na sisi siku ya kilio tukaona mugongo unaenda." Wakacheka, kicheko cha watu waliokasirika. Mke alikuwa anatwanga sombe nyuma ya nyumba. Hakuacha kutwanga.

"Baba wa chumvi, baki iko bado inavuka?"

"Inavuka."

"Basi ni muzuri. Watu wanavuka."

Akatwanga, akatwanga. Halafu akauliza, bila kuinua macho, kama mume wake bado anakohoa mvua zikija. Nikasema anakohoa. Akasema, "Turubai ile ina tundu upande wa kichwa." Mimi nikapima chumvi nikaondoka.

Ndipo ile asubuhi. Nilikuwa nimekaa upande wetu nangojea abiria wajae. Ng'ambo, kwenye mchanga, akatokea mtu na furushi. Umbali ule huoni uso, lakini mtu unamjua kwa kusimama kwake. Mfupi, mkono mmoja kiunoni. Watu wa baki wakageuka mmoja mmoja kuangalia. Muvushaji akachukua kitambaa akaanza kufuta usukani.

Nikamwambia, "Umeona?"

"Nimeona."

"Washa basi."

"Hajaita."

"Muvushaji! Mwanamke aliyezuiliwa na watu wake ataitaje? Kuja tu pale amekuja kwa kujiiba. Akiita, ni kusema kwao hawana haki."

"Sheria ni ya watu wote," akasema. Lakini alifuta mahali pale pale, mahali pamoja, mpaka chuma kikang'aa. Jua likapanda. Yule mtu ng'ambo akakaa juu ya furushi. Akasimama tena. Mama mmoja wa kwetu akataka kuita badala yake, Muvushaji akamwangalia kwa jicho ambalo sikuwahi kuliona. Halafu yule mtu akaweka furushi kichwani akarudi njia aliyokuja nayo, na mchanga ukabaki mchanga.

Siku ile alivusha watu, na pale katikati ya maji hakukaribisha mtu.

Miaka ikaenda. Wenye bunduki walikuja, wa kwanza na wa pili, na kila wakisikika yeye aliificha baki kwenye mfereji, akaifunika matete, akakaa nayo peke yake wakati sisi wote tumekimbilia porini. Tulirudi tukamkuta amekonda, ndevu nyeupe, baki nzima. Baadaye motere ikafa kabisa. Fundi alikuwa aje kutoka Kindu, na mpaka leo anakuja. Chuma kikaanza kuliwa na kutu, nyasi zikaota kati ya mbao. Vijana wakaleta mashua ya mbao na motere ndogo ya Kichina, inalia kama nyuki, inavusha pikipiki na wenye haraka. Hawana sheria ya kuita. Wanamuona mtu ng'ambo, wanamfuata wenyewe, wanagombania. Na Muvushaji alikaa kwenye baki yake iliyofungwa, shati limefungwa mpaka shingoni. Watu wapya hawakumjua. Walimpita bila kumsalimia, naye kwa desturi yake alikuwa hasalimii ukingoni. Basi siku nzima ilikuwa inaweza kupita bila neno.

Mimi nami nilizeeka, magoti yakakataa baiskeli. Mara ya mwisho nilikwenda kusini nimepanda pikipiki ya watu, kwenye harusi. Tukafika mdomoni, na pale kwenye foleni ya mashua nikamkuta Muvushaji amesimama, ameshika kamba ya mbuzi.

Nikafikiri anauza. Nikasema, "Muzee mwenzangu, mbuzi wa nini?"

Akanijibu pale pale ukingoni. "Wa kilio."

"Pole sana. Nani amekufa?"

"Mama mukwe."

Yule kijana wa mashua akaweka uso wa huzuni, akasema pole baba. Alidhani ni jana. 

Tukapanda. Akakaa kati ya watu, mbuzi kati ya magoti, na mikono yake ile mirefu haikujua pa kwenda. Katikati ya maji nilimngojea aseme karibuni. Hakusema. Alikuwa anaangalia ukingo wa mbele tu.

Tulipoteremka aliniuliza, "Kijiji kile, ni mbali?"

Mtu aliyewaelekeza wasafiri wote wa njia ile. Nikamwambia: fuata mihogo, kwenye mto mdogo shika kulia, jua likiwa kichwani umefika. Hakuniuliza kama mke yuko hai, na mimi, kusema kweli, mvua nyingi zilikuwa zimepita sijafika kule, nilikuwa sijui. Nikasema, "Nikusindikize kidogo?"

"Kilio kinakaliwa na mwenyewe," akasema.

Kijana wa mashua akapaza sauti, "Baba, utarudi lini, nikuwekee nafasi?"

Hakugeuka. Akapita ule mti wa kufungia kamba, akapanda mteremko, mbuzi anakataa kidogo, yeye anamvuta kidogo, wakaingia kwenye mihogo. Nilikwenda harusini, nikakaa wiki, nikarudi nikauliza mdomoni kama amevuka. Hakuna aliyemwona. Msimu uliofuata nikawauliza waliotoka kule. Hajarudi.